Sahihi ya Pili

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo mapema, usije ukanifikiria vingine kwa sababu nimesoma uhandisi na nimepanda ndege. Wadogo zangu wanajua, mama anajua, majirani zetu wa Mabatini, hapa Mwanza, wanajua kwamba nikitumwa kwa mtu mzima nitasimama mlangoni dakika tano nzima nikijikohoza. Siogopi giza wala nyoka, na ziwani nimeogelea tangu sijaanza shule. Ninachoogopa ni mtu mkubwa akigeuka kunitazama.

Nililelewa hivyo. Nilipokuwa na miaka tisa, mchungaji alikuja nyumbani kusali nasi, sebule imejaa wageni, akasoma mstari akauchanganya na mwingine. Mimi nilikuwa nimeukariri shule ya Jumapili, kiherehere kikanipanda, nikasema kwa sauti, "Mchungaji, umekosea, siyo hivyo." Mama alitabasamu. Alitabasamu mpaka mgeni wa mwisho alipovaa viatu, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi na kupitia jikoni kuchukua mwiko. "Mkubwa haumbuliwi mbele za watu," alisema, na kila neno lilikuja na mwiko wake. "Hata akisema mchele ni maharage, wewe kula, nyamaza. Utamwambia baadaye, mkiwa wawili, kwa adabu." Sikusahau, na makalio yangu hayakusahau.

Adabu hiyo nusura iue mtu, na mimi ndiye niliyeibeba mpaka Ujerumani na kurudi nayo.

Mwaka wangu wa tatu chuoni nilipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, wanafunzi tunaita fildi, kwenye kampuni moja ya Ujerumani inayotengeneza mitambo ya kuchuja maji. Wenzangu wamepangiwa Igoma, hapohapo mjini, mimi Ujerumani! Usidhani walinichagua kwa akili nyingi. Mtambo wao mmoja ulikuwa unakwenda kijiji cha ufukweni, nje kidogo ya Nansio kule Ukerewe, na walitaka mwanafunzi anayejua Kiswahili akae nao kiangazi chote. Wiki saba ningekaa karakanani kwao, halafu ningerudi na fundi wao kuufunga mtambo na kuwaeleza wananchi. Na kijiji chenyewe ndicho alikozaliwa mama. Dada yake, mama yangu mkubwa, anaishi huko mpaka leo. Mama ana genge la nyanya na vitunguu, na siku nilipompa habari alipiga vigelegele mpaka wateja wakadhani kuna harusi.

Fundi niliyekabidhiwa kwake alikuwa na miaka sitini na tano, mrefu, masikio makubwa, suruali ya kazi ya bluu yenye mikanda ya mabegani, imepigwa pasi. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Akaniambia nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wote wanavyomwita. Mimi? Mtu wa umri wa babu yangu? Nikamwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamweleza, akacheka, na kabla wiki haijaisha karakana nzima ilikuwa inamwita Mzee. Tulizungumza Kiingereza, chake cha kuungaunga na changu cha darasani, na mambo yakaenda.

Siku ya kwanza alinionyesha paa. Kwenye bati palikuwa na kiraka, ukubwa wa sinia. "Kifuniko," alisema. Akanieleza kwamba mtambo wenyewe ni pipa la chuma lenye mchanga wa kuchujia, na juu yake kuna kifuniko kizito kinachoshikwa na nati nane. Pampu inasukuma maji ndani kwa nguvu, na hewa iliyobaki juu inabanwa. Nati zisipokazwa inavyotakiwa, kifuniko kinaruka. Miaka mingi nyuma kimoja kiliruka na kutoboa paa lile. Mwenzake mmoja alikuwa ameinama juu yake dakika moja kabla. "Dakika moja," Mzee alirudia, akaninyooshea kidole kimoja nikione.

Ndiyo maana wana utaratibu wao. Kuna spana maalumu ambayo nati ikikaza sawasawa inalia "ta!" Ukishasikia hivyo, unachora mstari wa rangi ya njano kutoka kwenye nati mpaka kwenye kifuniko. Nati ikilegea siku yoyote, mstari utakatika na kila mtu ataona. Na kazi ya mtu mmoja haihesabiwi kuwa kazi mpaka mtu wa pili amesimama, ameangalia kwa macho yake, na ametia sahihi chini ya sahihi ya kwanza. Haijalishi wa pili ni bosi au mwanafunzi. Nilimwandikia mama habari hiyo kwenye WhatsApp. Akajibu, "Yaani wewe ndiye unawakagua wakubwa? Makubwa haya."

Wiki ya tano ndipo yalipotokea. Mzee alikuwa anakaza kifuniko cha mtambo wetu wa Ukerewe, mimi nimesimama pembeni na karatasi, nahesabu. Ta. Ta. Zilipofika sita, simu yake ikaita. Mke wake alikuwa amelazwa wiki ile, sote tulijua, na kila simu yake ikiita karakana ilinyamaza. Akatoka nje. Alikaa huko kama dakika kumi, nikimwona kupitia kioo amejishika kiuno, anatikisa kichwa. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu. Hakuchukua spana. Alichukua kalamu ya njano, akachora mistari minane, mizuri, iliyonyooka.

Nikahesabu tena kichwani. Sita. Nati ya saba na ya nane alikuwa amezizungusha kwa vidole tu.

Nikafungua mdomo. Na hapohapo mkuu wa karakana, kijana ambaye Mzee angeweza kumzaa, akasimama mezani kwetu na wageni wawili wa suti. "Tayari?" akauliza. "Tayari," Mzee akasema, akatia sahihi yake, akanisogezea karatasi na kalamu. Wote wanne wakanitazama. Sasa niambie wewe, ungesemaje? Ungesema mbele ya bosi kijana na wageni wake kwamba huyu mzee, mke wake mgonjwa hospitalini, kasahau kazi aliyoifanya miaka arobaini? Mimi nilishindwa. Mkono ukaandika jina langu.

Nikajipa moyo kwamba nitamwambia jioni, tukiwa wawili, kwa adabu. Jioni aliondoka mapema kwenda hospitali. Kesho yake nikamvizia kwenye mashine ya kahawa. "Mzee, samahani," nikaanza. Akageuka, hajanyoa, amevimba macho. "Ndiyo?" Nikasema, "Mama anaendeleaje?" Haki ya Mungu, hayo ndiyo yaliyotoka. Akanieleza kwa kirefu, akanishukuru, akanishika bega na kusema mimi ni mtoto mwenye utu. Baada ya hapo ningerudije kwenye nati? Siku ya tatu mtambo ulipigiliwa ndani ya sanduku la mbao, na siku ya nne sanduku likapelekwa uwanja wa ndege.

Hapo hofu ikaanza kazi yake. Chakula hakikupita. Nilikuwa najifungia msalani na kikokotoo, napiga hesabu kama nati sita zinaweza kushika kifuniko peke yake. Jibu lilitoka labda. Nikapiga tena, labda. Nikiona mtu ameinama juu ya kitu chochote, hata kufunga kamba za viatu, natazama juu kwenye kile kiraka cha paa. Na acha niseme ukweli wote, maana nimeanza: wiki ile sikuogopa tu kwamba mtu atakufa. Niliogopa kwamba akifa watafungua faili na kukuta jina langu, chuo kitajua, mama atasikia. Kuna siku hilo la pili liliniogopesha kuliko la kwanza. Naona aibu kuliandika.

Nikampigia mama. "Mama, mkubwa akikosea kazini, na kosa lenyewe ni la hatari, unafanyaje?"

"Mkubwa gani huyo?"

"Mtu tu."

"Subiri akiwa peke yake umwambie taratibu. Mwanangu, usituaibishe ugenini wakasema hatukukufunda." Halafu mteja akamuuliza bei ya vitunguu, akakata simu.

Mke wa Mzee akapata nafuu, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na Mzee akatangaza kwamba atakuja Ukerewe mwenyewe. Ingekuwa safari yake ya mwisho ya kazi. Wenzake wakampigia makofi. Mimi nilipiga makofi pia.

Ndani ya ndege tulikaa kiti kwa kiti. Wawili tu, saa baada ya saa, nafasi ambayo mama angeiita ya Mungu. Mzee akalala. Nikajisemea akiamka tu, namwambia. Nikapanga maneno, nikayapangua, nikayapanga upya yakiwa na samahani tatu mwanzoni. Akaamka. Akaagiza juisi ya nyanya, akanionyesha picha za wajukuu wake wakiwa wamepanda punda. "Wazuri," nikasema. Mpaka tunatua sikuwa nimesema neno lingine la maana.

Mwanza mama alimpikia sato na ugali, Mzee akala kwa mkono, akajichafua mpaka kwenye kidevu, na mama akampenda papo hapo. "Mpole hivi! Ndiye huyu uliyekuwa unamwogopa?" aliniuliza jikoni. Nikamjibu kwamba simwogopi. Akanitazama usoni, akasema nimekonda, nile.

Kesho yake tulipanda meli ya Nansio, sanduku letu likiwa kwenye lori chini. Abiria wengine walikuwa wanakula mahindi na kupiga soga. Mimi nilishuka nikasimama karibu na lile lori njia nzima, kwa sababu injini ya meli ilikuwa inatetemesha sakafu, na kila ilipotetemeka niliona nati ya saba inazunguka, kidogo, kidogo. Baharia mmoja akaniuliza nimebeba dhahabu nini.

Kufunga mabomba, pampu na umeme kulituchukua siku mbili. Mtambo ulikaa juu ya sakafu ya zege, hatua chache kutoka majini, chini ya paa la bati jipya. Asubuhi ya siku ya tatu, siku ya kuuwasha, niliwahi mapema nikidhani nitamkuta Mzee hajafika, nizikaze mwenyewe, mambo yaishe kimyakimya. Nilimkuta amekwisha fika, sanduku la spana amelikalia. Akanyanyuka, akapitisha kidole juu ya mistari ya njano mmoja baada ya mwingine, yote minane. Hakuna uliokatika. "Safi," akasema. Mistari ile ilichorwa ili mtu asihitaji kuuliza tena, na yeye hakuuliza.

Tulikuwa wawili. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikavuta pumzi, nikasema, "Mzee," na sauti ya mwenyekiti wa kijiji ikaita nyuma yangu, "Karibuni, karibuni wageni wetu!" Amekuja na watu wake, wanawake wenye ndoo, watoto wa shule, wavuvi waliotoka kuanika nyavu, na kwaya pia. Mama mkubwa alikuwa mbele yao wote, ndoo mpya ya plastiki, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Akaja akasimama karibu na pipa kiasi kwamba angeweza kuliegemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mhandisi wangu!" Alisema kwa sauti ambayo hata ng'ambo wangeisikia. "Mnamwona? Huyu ni wetu. Maji haya ameyaleta yeye!" Wanawake wakapiga vigelegele. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee akakohoa, akanigeukia. "Waambie mtambo huu umekaguliwa na watu wawili," alisema. "Waambie ni salama."

Nikawageukia. Watu wote wale, na jina langu kwenye ile karatasi. Nikashika nguzo. Kumwambia Mzee pale, hata kwa Kiingereza, mbele ya mwenyekiti na kijiji kizima, nilishindwa, kama nilivyoshindwa karakanani. Lakini kusema ni salama nako mdomo ulikataa. Basi nikatunga uongo. "Mzee anasema," nikaanza, "desturi ya kwao, mtambo ukiwashwa mara ya kwanza watu wote husimama mbali. Kule, nyuma ya ukuta wa shule."

"Hata sisi viongozi?" mwenyekiti akauliza.

"Hasa viongozi."

Wakacheka, wakaanza kwenda. Wazungu nao na mambo yao, mtu mmoja alisema. Mama mkubwa akagoma. "Nimemlea mama yako mgongoni, leo nisimame nyuma ya ukuta na watoto?" Nikamshika mkono nikamvuta, naye anasonya, ndoo inagonga miguu yetu, mpaka tukafika ukutani. Nikahesabu vichwa. Hakuna aliyebaki. Na hapo, Mungu anisamehe, nikajiona mjanja. Nimeokoa watu na sijamwaibisha mkubwa, yote mawili kwa mkupuo.

Nikageuka kutazama. Mzee alikuwa peke yake pale chini ya paa. Alikuwa amewasha pampu. Mkono mmoja uko kwenye koki, kiganja cha mkono mwingine amekiweka juu ya kifuniko, kama unavyompima mtoto homa, na sikio amelisogeza karibu, maana hivyo ndivyo alivyosikiliza mitambo yake siku zote. Akanitafuta kwa macho, akaniona mbali, akashangaa, akaniita kwa mkono nije nisome geji ya presha. Kisha maji yakaanza kutoka upande wa nati ya saba, uzi mwembamba, unarukia kifua chake. Akauona. Akainama juu ya kifuniko autazame vizuri.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka sauti yangu tu. "Zima! Mzee, zima! Umesahau nati mbili! Umesahau, umesahau nati mbili!" Nilipiga kelele hizo kwa Kiswahili. Kijiji kizima kilielewa, na yeye hakuelewa hata neno. Nikaipiga swichi kwa kiganja, nikamkamata kwa mikanda ya suruali yake nikamvuta nyuma kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote wawili kwenye mchanga. Pampu ikazima. Ule uzi wa maji ukapungua, ukawa matone.

Watu walikuwa wanachungulia juu ya ukuta. Nikamwambia kwa Kiingereza, nikiwa nimekaa palepale chini. Nikamwambia ta zilikuwa sita. Nikamwambia habari ya simu, kalamu ya njano, wale watu wa suti, mashine ya kahawa, ndege. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyanyuka kwa shida, akafungua koki, presha yote ikatoka, akasubiri, akachukua spana. Nati ya saba ilizunguka mara moja nzima na nusu kabla ya kulia ta. Ya nane karibu mara mbili. Akajipangusa mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa michafu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

Akafungua faili, akatoa ile karatasi, akatazama sahihi yake na yangu chini yake. Nilimsubiri anifokee. Kwa kweli nilitaka anifokee, ningepumua. Badala yake akatazama vichwa vilivyojipanga nyuma ya ukuta wa shule, na uwanja mtupu kati yetu na wao, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa nimefanya nini.

"Uliwaondoa wote," alisema taratibu. "Mpaka yule mama mwenye ndoo."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi?"

Nikatafuta uongo mwingine, sikuupata. "Wewe nilikuwa nakuheshimu," nikamwambia, na ulikuwa ukweli mtupu. Akakaa juu ya sanduku la spana, karatasi mapajani, akapitisha kidole juu ya sahihi yangu kama alivyokipitisha juu ya mistari ya njano.